Sarafu Haisuguliwi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kazi ya kusugua. Nilikuwa nimevuka kutoka kisiwa cha Ukerewe kuja kukaa kwa dada yangu mtaa wa Igogo, na sonara mmoja mwenye duka katikati ya mji wa Mwanza alikuwa anatafuta msichana wa kung'arisha pete, bangili na hereni. Tulimwita Fundi Mkuu, ingawa mafundi walikuwa wawili tu, yeye na mdogo wake. Alinikalisha kwenye kigoda, akaniwekea bakuli la maji ya ukwaju, mswaki laini na kitambaa, akasema, "Binti, kila kinachoingia kwa mlango huu, kisugue mpaka nione meno yangu. Isipokuwa sarafu. Sarafu ikiingia, weka mikono mapajani uniite."

Nilidhani anaogopa nitaiba. Kabla ya mchana nikamwelewa. Aliingia mwalimu mmoja wa shule ya msingi, ameshika leso kwa mikono miwili kama amebeba kifaranga. Ndani yake kulikuwa na rupia ya fedha ya enzi ya Mjerumani, aliyoachiwa na babu yake. Ili kuipa heshima, alikuwa ameisugua kwa majivu na ndimu mwisho wa juma mzima. Iling'aa kama sufuria mpya.

Fundi Mkuu aliigeuza, akaitazama kwa kioo cha kukuzia, akairudisha kwenye leso taratibu.

"Mwalimu, kabla hujaisugua ilikuwa na rangi gani?"

"Nyeusinyeusi hivi, imefubaa. Ilikuwa inatia aibu."

"Hiyo aibu ndiyo watu walikuwa wanaitafuta. Sasa nikikupimia, nakupimia kama kipande cha fedha tu."

Mwalimu alicheka, akidhani anataniwa. Alipoona hakuna anayecheka naye, akaketi. Fundi Mkuu alimwagizia chai ya maziwa, akamwambia bado ni rupia ya babu yake na hakuna ndimu inayoweza kuliondoa hilo. Mwalimu akaondoka amechangamka kidogo. Lakini mimi sikuisahau sura yake.

Wakati wa chakula Fundi Mkuu alinipa somo nililoishi nalo. Sarafu huanza kama kisahani kitupu cha madini. Kisahani hicho huwekwa kati ya mihuri miwili ya chuma, mmoja juu, mwingine chini, kisha hugongwa kwa nguvu. Pigo hilo ndilo linaloleta picha na maandishi, pamoja na mng'ao wa asili ambao ukiigeuza sarafu kwenye mwanga unauona ukikimbia juu yake. Miaka ikipita, hewa na mikono ya watu huivika utando: fedha huwa nyeusi au hata ya bluu, shaba huwa ya kahawia. Utando si uchafu. Ni ngozi ya sarafu. Majivu, mchanga, dawa ya meno, vyote ni msasa tu, na ngozi ikishachunwa haioti tena.

Nilikaa kwake miaka kadhaa. Alipoona natazama sarafu kwa hamu kuliko nilivyotazama dhahabu, alinipeleka mwenyewe kwenye makumbusho madogo ya hapa mjini, yaliyokuwa yanatafuta msaidizi wa chumba cha sarafu. "Huyu ana mkono mwepesi," alimwambia Mhifadhi Mkuu, "na anajua kuuzuia."

Mhifadhi Mkuu alikuwa mama mrefu wa Kihaya, mwenye sauti ya kwaya na kicheko kilichosikika mpaka barabarani. Kila asubuhi aliweka sarafu moja mbele yangu na kuuliza swali lile lile: "Leokadia, hii imezaliwa hivi au imeumizwa?"

Vijana wanaoanza kukusanya, hilo ndilo swali lenu la kwanza. Kosa la kiwandani ni lile lililotokea sarafu ilipokuwa inagongwa, na kwa mkusanyaji ni furaha. Uharibifu ni kila kilichoipata baada ya hapo. Kisahani kikikaa upande, picha hutoka imesogea na upande mmoja hubaki mtupu. Muhuri ukipata ufa, madini huingia ndani ya ufa huo, na sarafu hutoka na mstari ulioinuka. Utazame kwa kioo cha kukuzia: mstari ulioinuka umetoka kiwandani, mstari uliochimbika umetoka mtaani. Sarafu za heller ishirini, pesa ndogo ya Mjerumani, zilizogongwa Tabora wakati wa vita vya Mjerumani na Mwingereza, kwa mitambo ya kuungaunga, zimejaa nyufa za namna hiyo, na watu wanazipenda kwa sababu hiyo hiyo.

Lakini mara nyingi jibu langu lilikuwa "imeumizwa". Kuna bwana mmoja alituletea shilingi iliyotanuka kama chapati, akaapa kwamba kiwanda kizima kilikosea. Mhifadhi Mkuu akamuuliza kwa upole, "Nyumbani kwenu ni karibu na stesheni?" Yule bwana akaangalia viatu vyake, kisha akacheka mwenyewe mpaka machozi yakamtoka. Kulaza shilingi kwenye reli na kusubiri treni ulikuwa mchezo wa vijana wengi wa mji huu.

Baadaye nilipelekwa Dar es Salaam kwa mafunzo ya usafishaji. Mkuu wa Maabara kule alikuwa mtu wa maneno machache, na somo lake la kwanza lilikuwa kutufanya tukae na sarafu chafu mezani asubuhi nzima bila kuigusa. Kisha akatuonyesha yanayoruhusiwa. Udongo unaloweshwa kwenye maji yasiyo na chumvi, yale yanayouzwa kwa kuongezea betri za magari, wala siyo asidi yake, tafadhali. Unasubiri, unabadilisha maji, unasubiri tena. Unakausha kwa kugandamiza kitambaa laini, bila kukiburuta. Sarafu inashikwa kwa ukingo, kamwe si usoni. Ukiona unga wa kijani unaotambaa juu ya shaba, huo ni ugonjwa, mpelekee mwenye ujuzi. Ukiona rangi ya kahawia iliyotulia, iache ipumzike.

Nilirudi Mwanza nikiwa na cheti na jeuri kidogo. Na hapo ndipo ulipokuja mkufu.

Uliletwa na wanawake watatu kutoka Pasiansi: Kabula, msichana aliyekuwa karibu kuolewa, bibi yake mzaa baba, na shangazi yake. Nilisikia ubishi wao kabla sijawaona.

"Shikamoo, mama," nilimwamkia yule bibi.

"Marahaba, mwanangu. Uniamulie na binti yangu huyu. Anataka kuchemsha mkufu wa mama yangu kama maharage."

"Si kuchemsha," shangazi akasema. "Kuna fundi anausafisha kwa asidi ya betri, dakika moja tu. Sendofu, sherehe ya kumuaga, ni Jumamosi, wageni wanatoka mpaka Shinyanga. Mtoto avae kitu kimefubaa hivyo, watasema sisi hatuna sabuni?"

Kabula aliutoa mkufu kwenye kitambaa na kuulaza mezani kwangu. Zilikuwa sarafu za senti kumi za enzi ya Mwingereza, zile kubwa za shaba zenye tundu katikati, zimetungwa kwenye uzi mnene wa pamba, rangi ya kahawia iliyokolea kama kahawa. Katikati kabisa ilining'inia moja iliyozungushiwa waya kama mzigo.

"Hiyo ya waya ndiyo ya kwanza kutolewa," shangazi alisema. "Inaharibu mstari wote."

Nikaiweka chini ya kioo. Kwenye sarafu zile, kisahani kilitobolewa kabla ya kugongwa, kwa hiyo tundu la kweli lina ukingo laini ulioinuka. Nilizipitia moja moja, zote zina matundu yao ya kuzaliwa, ila moja ilikuwa imeongezewa tundu la pili pembeni kwa msumari, ukingo wake umechanika. Nilipofika kwenye ile ya waya, nikatafuta tundu. Halikuwepo. Pale katikati palikuwa pazima, laini, hapajawahi kuguswa na chochote. Kisahani chake kilipita kiwandani bila kutobolewa, kikagongwa hivyo hivyo, na hakuna aliyekiona.

Nilienda kumwita Mhifadhi Mkuu nikijitahidi nisikimbie. Alitazama muda mrefu. Kisha akanivuta kwenye korido, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akinong'ona.

"Leokadia, sarafu kama hii nimeitafuta tangu nianze kazi. Tungeipata kwa ajili ya makumbusho... Zungumza nao. Wewe watakusikiliza."

"Niwaambie ukweli wote, mama?"

Alifumba macho kidogo. "Wote. Hata kama ukweli huo utatunyima."

Nikarudi nikawaambia wote. Kwamba ile ya waya ina kosa la kiwandani ambalo wakusanyaji wanalitafuta sana. Kwamba sisi wenyewe tunaitamani. Kwamba asidi ingeifanya nyekundu kama nyama mbichi, na wiki chache baadaye ingefubaa vibaya kuliko mwanzo. Na kwamba hata wakikataa kutupatia, hakuna atakayewalaumu.

Shangazi aligeuka papo hapo. "Nilisema mimi? Nilisema ina kitu! Basi tuitoe tuiuze, mtoto aanze maisha na kitanda kizuri."

Bibi aliweka kidole juu ya ule waya. "Mama yangu alipewa hiyo kama chenji sokoni," alisema. "Alipotaka kununulia chumvi, kila duka wakaikataa. Haina tundu, ni ya uongo, peleka huko. Alizunguka nayo siku nzima. Jioni akaja nayo nyumbani, akaifunga waya, akasema kama wote wameikataa, yeye ataivaa."

Nilikuwa naona uso wa Mhifadhi Mkuu mlangoni, na ninajua kilichokuwa kinapigana ndani yake, kwa sababu ndani yangu kilikuwepo pia. Tungeweza kusema neno moja la kushawishi. Hatukusema.

Kabula ndiye aliyeamua. Aliuinua mkufu, akauvaa juu ya blauzi yake ya kazini, akajitazama kwenye kioo cha kabati la maonyesho. "Nitauvaa hivi hivi," alisema. "Na waya wake."

Nilichofanya ni kidogo sana. Nilibadilisha uzi uliokuwa unakaribia kukatika, nikaondoa vumbi kwa brashi ya manyoya, basi. Jumamosi Mhifadhi Mkuu na mimi tulialikwa kwenye ukumbi wa sherehe Kirumba. Kabula alipoingia na gauni la rangi ya maziwa, zile senti za kahawia zilikaa shingoni mwake kana kwamba gauni lilishonwa kwa ajili yake tu. Na mtu aliyejisifu kuliko wote alikuwa shangazi. Alimnyang'anya mshereheshaji kipaza sauti, akasimulia habari ya kisahani, mihuri na tundu lisilokuwepo, nusu ameielewa na nusu ameitunga, akamalizia kwa kupiga kelele, "Na msiishike na mikono yenye pilau!" Ukumbi mzima ulilipuka. Mhifadhi Mkuu alicheza muziki mpaka viatu vikamshinda, akavivua, lakini kila wimbo alihakikisha anasogea karibu na bibi harusi ili aione tena ile sarafu.

Miezi michache baadaye Bibi alikuja mwenyewe. Kabula alikuwa amehamia Geita kwenye nyumba ya kupanga na aliogopa wezi. Familia ilikuwa imekubaliana mkufu ukae kwetu makumbusho, bila uzi wake kufunguliwa, na utolewe kila anapoolewa binti wa ukoo. Mhifadhi Mkuu aliomba dakika moja, akaenda ofisini kwake, akafunga mlango. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, huku anacheka. Tangu hapo Bibi alitutembelea mara kwa mara, akiinama mbele ya kabati na kuuliza, "Hamjausugua?" Nami nilimjibu, "Hatujathubutu." Mabinti wawili wameolewa nao tangu wakati huo.

Nilistaafu nikiwa Msimamizi wa chumba kile. Siku ya kuagwa, wenzangu wa ofisi ya uhasibu walikuja na zawadi kubwa imefunikwa kitenge. Kilipoondolewa nikaona ubao wenye umbo la sangara, mapezi yote, umejaa senti za zamani kuanzia mdomo hadi mkia. Walizitafuta kwa ndugu zao kwa miezi. Kisha walizisugua kwa dawa ya meno, wakazibandika kwa gundi kali, wakapaka vanishi juu. Watu walipiga makofi. Mhifadhi Mkuu, aliyekuwa amestaafu kabla yangu, alinisogelea sikioni: "Jikaze mpaka tufike nje." Tulipofika nje tulishikana mabega tukacheka mpaka mlinzi akatuletea viti.

Sasa vijana wanakuja kwangu na sarafu zao na simu zenye kamera nzuri kuliko kioo changu cha zamani. Nawafundisha niliyofundishwa: uliza kwanza imezaliwa hivi au imeumizwa, usinunue kwa haraka, epuka mifuko laini ya plastiki inayoacha mafuta, weka mahali pakavu maana unyevu wa ziwa hauna huruma. Halafu wanamwona sangara ukutani, wanashika vichwa. Binti mmoja aliniuliza kwa heshima kwa nini sijamshusha. Nilimwambia kwa sarafu ule ni uharibifu mtupu, na sitamfundisha mtu vinginevyo. Lakini mchana ukielekea kwisha, jua likipita dirishani na kumpata yule samaki, ukuta wote unawaka, nami hukaa kwenye kiti changu nikatabasamu peke yangu.