Jasumati na Thakorji

Mwaka 1986, mama mkwe wa Jasumati alipokuwa anakaribia kufa, hakuzungumzia vito wala nguo zake. Alimwita mke huyo wa mwanawe, akamweka karibu na kitanda na kumkabidhi kitu kimoja tu. Ilikuwa sanamu ya shaba inayoenea kiganjani, ya Krishna, mungu wa Wahindu, akiwa mtoto anayetambaa, ameshika donge la siagi. Katika nyumba ile hakuna aliyemwita sanamu. Jina lake lilikuwa Thakorji, naye alihesabiwa kuwa mtoto wa nyumba.

"Asilale njaa hata siku moja," mama mkwe alisema. "Wala usimwache na mtu asiyemjua."

Jasumati alikubali. Wakati huo alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na mwanawe pekee, Nilesh, alikuwa ameshaenda kusoma Uingereza. Walikaa ghorofani, juu ya duka la vitambaa la mumewe Pravin, katikati ya mji wa Mwanza.

Tangu siku ile aliamka kabla ya jua. Alioga, akavaa sari safi ambayo haikuguswa na mtu, akapiga kengele ndogo kumwamsha mtoto. Alimwogesha kwa maji ya uvuguvugu, akamvisha. Mwezi wa Julai, upepo wa ziwa ukiwa na baridi, alimfunika shali aliyoishona mwenyewe. Kisha alimpa maziwa, akaingia jikoni kumpikia chakula cha mchana, bila kitunguu wala kitunguu saumu, na bila kuonja hata chumvi, maana mtoto ndiye anayeonja kwanza. Mchana alifunga pazia ili alale. Saa kumi alimwamsha na kumpa tunda. Jua likikaribia kuzama alimlisha tena na kumlaza. Kati ya huduma moja na nyingine alipata muda wa kwenda sokoni na kurudi, basi.

Mwanzoni hakuona kuwa ni mzigo. Chini yao, nyuma ya duka, alikaa Kamlaben, mwanamke wa dhehebu lao, na kulikuwa na familia nyingine mbili zilizojua taratibu zote. Jasumati akiugua, au akiwa katika siku zake, Kamlaben alipanda ngazi akafanya kila kitu. Lakini serikali ilipolegeza masharti ya biashara na wafanyabiashara wapya wakaanza kuleta vitambaa na mitumba moja kwa moja kutoka Dar es Salaam, maduka ya zamani yalianza kufungwa. Familia moja ilihamia Dar, nyingine Kanada. Mwaka 1991 Kamlaben naye alimfuata binti yake Leicester, Uingereza. Jasumati alimsindikiza mpaka kwenye ngazi tu, kwa sababu saa kumi ilikuwa imefika.

Baada ya hapo hakubaki wa kumpokea zamu. Odeta, dada wa kazi, alifua na kufagia, lakini kwa desturi yao hakuruhusiwa kuingia jikoni mle wala kugusa vyombo vya Thakorji. Kila Desemba Odeta alichukua likizo ya wiki mbili kwenda kwao Kisesa. Mwaka mmoja, akiwa anafunga mzigo wake, aliuliza, "Mama, na wewe likizo yako lini?"

Jasumati alicheka kidogo, akarudi jikoni.

Kwao hakukuwa mbali. Alizaliwa Nansio, katika kisiwa cha Ukerewe, ambako baba yake aliuza kanga, sukari na mafuta ya taa, na alijua Kikerewe kabla ya Kiswahili. Mama yake, Maniben, bado aliishi kule. Jasumati alipokuwa anaanika pilipili juu ya paa aliiona meli ya Nansio ikitoka bandarini asubuhi. Safari haikuzidi saa nne. Lakini meli ilirudi kesho yake, na hata siku moja mtoto asingeweza kulala njaa.

Julai 1993, kaka yake Kanti alituma ujumbe: mama ameanguka, upande mmoja hauna nguvu, anamtaja Jasu.

Alimweleza mumewe wakati anamtilia chai.

"Baba Nilesh, mama ni mgonjwa. Nataka niende."

Pravin aliweka kikombe chini. "Nenda. Lakini Thakorji atamhudumia nani? Mimi nina duka."

Akakiinua tena, akanywa. Jasumati alichukua vikombe akaviosha. Wiki ile alimwandikia Kamlaben kumwomba ushauri, akijua barua itafika wakati mambo yameshapita. Alimwomba mke wa daktari mmoja, Mhindu wa madhehebu mengine, amhudumie Thakorji siku mbili. Yule mama alikataa kwa upole, akiogopa kukosea. Kila asubuhi alipanda juu ya paa, na kila asubuhi meli iliondoka.

Maniben alifariki tarehe tisa Agosti. Nansio waliuchoma mwili wake siku ileile, kama ilivyo desturi ya Wahindu, na habari ilifika Mwanza kesho yake.

Sasa kwa sababu ya msiba Jasumati alihesabiwa kuwa na najisi ya kifo, akakatazwa kumgusa Thakorji kwa siku tatu. Alikaa kwenye mkeka pembeni ya mlango akamtazama Pravin akimwogesha mtoto kwa mikono yake minene, akimpa maziwa na sukari ya mawe. Alipomaliza alishuka kufungua duka. Alichelewa nusu saa tu. Siku ya pili vilevile, na ya tatu. Jasumati hakulia mbele yake. Siku ya nne alioga akarudi kazini.

Februari iliyofuata alikuja Mwanza kiongozi wao wa dini kutoka India, akakaa hekaluni siku mbili. Wanawake walipanga foleni kupata baraka. Zamu ya Jasumati ilipofika aliuliza, kwa sauti ndogo, ni dhambi gani kumwacha Thakorji siku moja ukienda kwa mgonjwa.

Mzee yule alimtazama kama hakuelewa. "Kwa nini umwache? Mtoto akiwa mdogo, mama akisafiri humbeba. Mtie kwenye kikapu chake, uende naye."

Alirudi nyumbani kwa miguu. Pravin alikuwa anasoma gazeti. Alimweleza.

"Ndiyo," alisema, macho yakiwa bado gazetini. "Mama yangu alikwenda naye Nairobi mara moja. Kwenye treni."

"Ulikuwa unajua?"

"Hukuuliza."

Jasumati aliingia chumbani, akatoa kikapu chenye mfuniko, akakitandika kitambaa. Ijumaa ile alipanda meli. Hakumwomba mumewe ruhusa, wala hakumpikia chakula cha kumtosha mpaka arudi.

Nansio, nyumba ya baba yake ilikuwa imepangishwa kwa kampuni ya kununua pamba. Sebuleni kulijaa mizani na magunia. Kanti alikaa chumba cha uani. Jirani yao wa siku zote, Getruda, aliyemuuguza marehemu, alikuja mbio aliposikia Jasumati amefika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pole na msiba." Alimshika mikono akamkalisha. "Mama yako hakukulaumu, ujue. Watu walipouliza mbona Jasu haji, alisema, binti yangu ana mtoto mdogo, hawezi kumwacha. Tukashangaa, kwa umri wako. Mtoto mwenyewe hajambo?"

Jasumati alifungua kikapu. Getruda alichungulia. Halafu akavuta kanga yake vizuri mabegani, akasema, "Basi tumtafutie maziwa."

Jasumati alikaa siku tatu. Kila siku alimpikia mtoto kwenye jiko la mkaa uani, na jioni alikwenda kusimama mahali walipomchomea mama yake, kando ya maji, ambapo majani yalikuwa yameota. Alimwomba msamaha mama. Hakujua amwombe nani mwingine.

Mwaka 1998 Pravin aliuza duka, wakahamia kwa Nilesh Leicester. Jasumati alimbeba Thakorji mapajani njia nzima. Kamlaben, ambaye sasa anakaa mitaa miwili tu kutoka kwao, alijitolea mara nyingi kumpokea kwa siku chache apumzike. Jasumati humshukuru, lakini hajawahi kumpa. Na Pravin, kwa miaka yote hiyo, hajaulizwa na mkewe swali lolote tena. Anawekewa chai, anakunywa, kikombe kinaondolewa.