Mcheri wa Mama Mbele ya Kibaraza

Mama hakuwa mtu wa kuomba vitu. Ndiyo maana siku aliyoniambia anataka mcheri, ule wa mapambo wenye maua ya pinki aliouona kwenye geti la kanisa, niliacha kila kitu nikaenda kwa wauza miche wa barabarani. Nilirudi na mche mdogo ndani ya kiriba cheusi, majani yake ya kuhesabika. Tukaupanda mbele ya kibaraza, mahali alipokuwa akishinda amekaa tangu miguu yake iishiwe nguvu.

Kwetu Temeke tunatumia maji ya kisima, na maji hayo ni ya chumvi. Mwanzoni niliumwagilia hayohayo, majani yakaungua pembeni, mama akanuna siku nzima. Baada ya hapo mcheri ukawa unakunywa maji yetu ya kununua, yale ya kupikia, nikishaoshea mchele. Jirani akanicheka kwamba nalea mti kama mjukuu. Nilimwacha acheke. Mama alikuwa akiamka, kabla hata ya chai, anauliza, "Umeshaunywesha mcheri wangu?"

Kaka yangu, mtoto wa kwanza, anaishi Mbezi. Kwa muda wote wa ugonjwa alikuwa na foleni. Kila Jumapili foleni. Alikuwa akipiga simu akiwa ameketi nyumbani kwake, nyuma yake nasikia mpira kwenye televisheni, anasema barabara haipitiki. Mama alimwamini, au alijifanya kumwamini. Mimi nilikuwa namgeuza mama kitandani.

Mvua za vuli ziliponyesha, mcheri ukajaa vichipukizi vya maua. Wakati huo mama hakuweza tena kukaa kibarazani, nikawa namfungulia dirisha. "Vikifunguka unikatie tawi," aliniambia, "uniwekee hapa nilione." Nikamwahidi. Kila asubuhi nilitoka kuangalia, na kila asubuhi nilirudi kumwambia bado.

Alifariki vikiwa bado.

Siku hiyo kaka hakukuta foleni. Alifika mapema, akashika msiba kama mtoto wa kwanza anavyotakiwa, akaanza kuamrisha viti, masufuria, jenereta. Mimi nilikuwa ndani kwenye mkeka pamoja na akina mama niliposikia panga likipiga mti. Nilitoka mbio bila viatu. Mcheri ulikuwa umeshalala chini.

"Kaka, huo ni wa mama!"

"Sasa dada, turubai litakaa wapi? Unataka watu wakae juani kwa ajili ya kimaua?"

"Mama alikuwa anausubiri uchanue."

"Mama hayupo tena, we nawe! Hebu rudi ndani."

Mjomba akanishika bega akawaambia waniache, nina uchungu. Ni kweli nilikuwa na uchungu, ila si ule aliokuwa akiufikiria yeye. Turubai liliposimamishwa, nguzo zake hazikufika hata karibu na mahali pale. Wakapanga hapo kreti za soda.

Niliokota matawi kwenye takataka, nikayaweka kwenye jagi la maji kando ya kitanda kitupu. Asubuhi ya mazishi, maua machache yalikuwa yamefunguka. Mapana kidogo, pinki hafifu, kingo zake zimejikunja. Nililia kwa mara ya kwanza tangu mama afariki. Nikayafunga kwenye kitambaa kilicholowa nikaenda nayo makaburini.

Mshereheshaji alipoita watoto wa marehemu waweke shada, kaka alikuja na kubwa la maua ya plastiki, bado limo kwenye nailoni yake. Nikasogea na tawi langu mkononi. Akaninong'oneza bila kunitazama, "Weka chini hayo majani. Watu wanapiga picha."

Nilitaka kumtukana mbele ya mchungaji na ukoo mzima. Badala yake niliinama nikaliweka tawi chini, nikashika upande wangu wa shada, tukaliweka pamoja. Wa kundi lililofuata walilikanyaga tawi langu wakipita.

Picha ilitoka nzuri. Jioni kaka aliituma kwenye grupu la familia, akaandika kwamba mama alipenda sana maua, na wote wakamshukuru kwa kumkumbuka.