Maji yenye kukauka mbele ya kufika chini

Leo nimeinama chini ya gari, pembeni ya mukwe wangu.
Mutacheka. Chekeni.

Gari yetu ya zamani, ule mukwe, bwana ya binti yangu, ndiye anaiendesha. Kila mara inachemka njiani, na yeye anasema maji inavuja. Kila asubuhi naangalia chini yake: udongo mukavu!

Nikamuita muongo, mbele ya watu wa mutaa yetu, Mudzipela. Hata kama kuko amani kidogo sasa, gari kuzima mu njia ya Aru si muchezo. Leo nikataka kumunyanganya gari.

Akajibu polepole: "Mama, ninawasha motere. Mungojee ipate moto, kisha muiname, muangalie."

Kwetu mama-mukwe hasogei karibu na mukwe wake hivyo. Lakini nikainama.

Mupira ya kupitisha maji ya motere iko na ufa kwa nyuma. Tone inaangukia chuma ya moto, tsss, inakauka. Chini haifiki.

Nikatoka chini, nikaita watu. Mimi!

Nilimutukana mbele ya watu, basi mbele ya watu nasema: hakudanganya. Abadilishe ile mupira, kisha anipeleke Aru. Nitakaa naye kwa kiti ya mbele.

Mwenye iko na neno, aseme.