Honi ya Lori kwenye Gari Dogo

Siku moja ninayoikumbuka mpaka leo, mwanangu, ilianza na spana niliyoisahau chini ya kitanda. Wewe endelea kuishika yako, lakini keti kwanza hapo kwenye tairi. Hiyo honi uliyonunua bado imo kwenye karatasi yake, haitaharibika nikiongea kidogo. Mimi ndiye sitatulia. Tangu useme unataka kuifunga mwenyewe, na kwamba unataka ile ya kutoa watu barabarani, hata chai yangu imenishinda.

Siku hizi mnaniita mzee, nami nageuka kutafuta huyo mzee ni nani. Lakini mwaka huo wa uchaguzi, elfu mbili na saba, nilikuwa kijana kweli, nimetoka Machakos na gari kuukuu la teksi, napanga chumba kwenye ploti moja kule mtaa wa Kongo, Kawangware, Nairobi. Mlangoni mwa ploti aliketi Mama Atieno, fundi cherehani, mama mtu mzima kutoka upande wa ziwa. Cherehani yake ilikaa karibu na geti hata gari likitaka kuingia ilibidi aisogeze. Nikifika jioni nilikuwa napiga honi mara mbili, pi pi, kasauti kembamba ka kuonea huruma. Namsikia akisema, "Musyoka amefika," cherehani inasogezwa, geti linafunguka. Ilikuwa hivyo kila siku, na sikuona kama ni kitu.

Kasauti kenyewe kalinitia aibu. Kwenye steji madereva wenzangu walikuwa wakiniuliza kama nimebeba kifaranga. Basi nikaenda kwa wauza vyuma, nikapata honi ya lori, pembe mbili za chuma. Yule muuzaji akaniambia, "Weka na rilei." Rilei ni kale kadude keusi kanakobeba umeme mzito, ili kitufe cha usukani kisiungue. Nikaona huyu anataka tu kuniuzia kitu kingine. Nikaenda kuifunga mwenyewe, hivyo hivyo, kwenye waya za honi ya zamani. Ilipolia mara ya kwanza fyuzi ikaungua. Ya pili nayo ikaungua. Unajua nilifanya nini? Usicheke. Nilitoa fyuzi nikaweka kipande cha waya mahali pake, nikazungushia tepu kila kiungo hadi ukadhani nafunga jeraha. Ile honi ya zamani nikaitupa kwenye buti.

Ee, ililia! Kuku wa jirani walipanda juu ya paa. Kwenye steji hakuna aliyeniuliza tena habari za kifaranga. Jioni nikafika getini kwa fahari yangu yote, nikapiga. Geti halikufunguka. Nikasikia Mama Atieno, ambaye alikuwa hatua chache tu kutoka kwangu, akiuliza, "Ni nani?"

"Ni mimi, Mathe! Umesikia kitu hiyo?" Mathe ndivyo vijana tulivyowaita akina mama.

"Nimesikia. Sasa hiyo sauti umewekea nani?"

Nilimjibu kwamba ni ya kufungua njia. Alisogeza cherehani, nami nikaingia nikidhani nimemjibu.

Kisha matokeo ya uchaguzi yakatangazwa, na Nairobi ikageuka. Mwanangu, ulikuwa bado hujazaliwa, na nashukuru Mungu kwa hilo. Maduka yalifungwa, barabara zikawa kimya, na ule ukimya ulikuwa mbaya kuliko kelele. Kisha unasikia mabati yanagongwa mahali, na firimbi. Mabati yakigongwa maana yake ni: tokeni nje, kuna kitu. Watu wanatoka na chochote kilicho mkononi, halafu ndipo wanauliza kumetokea nini. Vijana walikuwa wakipita kwenye ploti wakiuliza ni nani anaishi chumba gani. Siku moja walisimama mbele ya chumba cha Mama Atieno, wakakitazama, wakaenda zao.

Mama Atieno alinigongea asubuhi. Dada yake aliishi Sarang'ombe, kule Kibera. "Nipeleke steji ya Olympic tu," akasema. "Kutoka hapo nitatembea." Cherehani isingeingia kwenye gari, akaiacha kwa mwenye ploti. Alichukua kanga, nguo chache, na mkasi wake, ule mkubwa wa kukatia vitambaa, aliokuja nao Nairobi akiwa msichana. Akaketi nyuma, akajifunika kanga mpaka mdomoni. Kabla sijawasha gari akaniambia, "Musyoka, hiyo kitu ya kelele usiguse."

Nilimwambia asijali. Na kweli sikukusudia.

Tulipokaribia kutokea Barabara ya Naivasha tulikuta mkokoteni umelazwa katikati ya njia na mawe kando yake. Kijana mmoja alikuwa ameukalia, anatazama upande mwingine. Hapo, mwanangu, mkono wangu ulienda wenyewe. Ukiwa na kitu kikubwa mkononi kila siku, siku moja mkono hautakuuliza. Niligusa kidogo tu.

Honi ikalia, nami nikaondoa mkono, na yenyewe ikaendelea. Nikapiga kitufe kwa ngumi, kumbe kimeungua ndani na kushikana. Nikachomoa ufunguo. Gari likazima lakini honi haikuzima.

"Zima!" Mama Atieno akasema.

"Haizimi!"

Bati la kwanza likagongwa mkono wa kushoto. Kisha la pili, nyuma yetu. Kisha sikuweza kuyatenganisha tena. Milango ilianza kufunguka. Nilifungua boneti nikaruka nje kung'oa waya kwenye betri, na ndipo nikaikumbuka spana, chini ya kitanda. Nikazivuta waya za honi kwa mikono. Nilikuwa nimezifunga vizuri mno. Tepu yangu mwenyewe ilinishinda, vidole vinateleza, na nilikuwa nalia machozi, nakwambia ukweli.

Mkono ukapita kando yangu. Alikuwa ameshuka. Yule mama ambaye kazi yangu yote ilikuwa kumficha, alikuwa amesimama katikati ya barabara, kanga imemwanguka mabegani, mkasi mkononi.

"Ni gani?"

Nikaonyesha. Akakata. Cheche ikaruka, na honi ikanyamaza.

Tulipoinua vichwa walikuwa wametuzunguka. Vijana wengi, marungu, na mmoja alikuwa na panga. Yule wa mkokoteni akamsogelea.

"Mathe, unaitwa nani?"

Unaelewa swali hilo lilikuwa na maana gani siku zile. Jina lilitosha kuonyesha kabila lako. Mama Atieno alimtazama kijana kuanzia miguuni mpaka usoni, polepole, jinsi anavyomtazama mteja anayetaka kupimwa.

"Naitwa yule alikushonea kaptula ya nasari," akasema. "Na ulilia nikikupima, ukasema futi ya kitambaa itakuuma. Mama yako hajambo?"

Kuna mmoja nyuma aliyecheka. Kijana hakucheka, lakini alitazama chini. Usidhani ilikuwa lazima iende hivyo. Kuna watu walioulizwa swali hilo hilo na watu waliowajua vizuri, na haikuwasaidia. Hilo nalijua, na ndilo linalonifanya nishindwe kuketi nikisikia honi kubwa.

"Hajambo," kijana akasema mwishowe. "Wacheni apite. Lakini hiyo mkasi inabaki."

Mama Atieno akampa. Wakausukuma mkokoteni kando, nasi tukapita.

Tukafika Olympic. Aliposhuka aliufungua mkono wake akautazama, ule wa mkasi, na machozi yakamtoka. Nyumba hakuililia, cherehani hakuililia, mkasi aliulilia. Nikaanza kuomba msamaha, akanikatiza.

"Sikiza, Musyoka. Ile honi yako ya kwanza nilikuwa naijua. Ikilia, nilikuwa nafungua geti bila kuuliza ni nani. Hii ingine, kila siku niliuliza. Hata nikijua ni wewe, niliuliza."

Akaondoka kwa miguu kuelekea Sarang'ombe. Sikujua hata ni mlango upi.

Mambo yalipotulia niliing'oa ile honi ya lori, nikaitoa ya zamani kwenye buti na kuirudisha mahali pake. Nikatafuta mkasi mkubwa wa fundi, nikauzungushia gazeti, nikaenda Kibera. Nilifika barabara ya gari inapoishia na vichochoro vinapoanza. Vyumba ni vingi, na nilikuwa mgeni ambaye watu bado wanamtazama mara mbili. Niliogopa kuuliza jina lake kwa sauti, maana majina yalikuwa bado yanauma. Basi nikapiga honi. Pi pi. Nikangoja, nikapiga tena, watoto wakanicheka.

Kisha nikaisikia sauti yake kabla sijamwona. "Musyoka amefika."

Akatokea kichochoroni na kitambaa begani. Nilimnyooshea mkasi. Akautazama ule mzigo wa gazeti, akanitazama mimi, akasema, "Hapa hakuna geti ya kukufungulia. Ingia tu."

Kongo hakurudi kamwe. Cherehani yake nilimpelekea baadaye.

Kwa hiyo, mwanangu, sikukatazi. Ukitaka kuifunga hiyo honi, ifunge na rilei yake, na fyuzi usiibadilishe kwa waya hata siku moja, kwa sababu fyuzi imewekwa iungue kabla ya watu. Spana ikae ndani ya gari. Lakini kabla hujaanza nijibu alichoniuliza yule mama: hiyo sauti unamwekea nani? Ukiwa nayo kubwa watu watakupisha, ndiyo, watakupisha kweli. Ila kukupisha si kukufungulia, na utakuja siku moja kuhitaji mtu akufungulie. Na iwe honi, au mdomo wako, au cheo utakachopata, jiulize hivyo hivyo.

Mungu akulinde barabarani na nje ya barabara. Akupe sauti ambayo, hata ikiwa nyembamba ya kuchekwa na watoto, mtu aliye ndani ataijua na kusema, "Amefika."