Dobi Asiye na cha Kuficha

"Anayeogopa kamera ana lake jambo," alisema Pasi Moto mbele ya mtaa mzima, siku watu wa serikali walipokuja kueleza habari za usalama wa taifa. "Mimi dobi sina cha kuficha. Niwekeeni mlangoni. Mkitaka hata chumbani, nitawapungia mkono."

Watu wa serikali si wa kuambiwa mara mbili. Wiki haikuisha, nguzo ikasimama mbele ya duka lake, na juu yake jicho jeusi lisilopepesa. Pasi Moto akawa analipungia mkono kila asubuhi. Mkewe alimtazama tu, maana alikumbuka kitu ambacho mumewe alikuwa amekisahau.

Nguo za wateja hunyooshwa Jumamosi na kuchukuliwa Jumatatu. Jumapili hapo katikati, zinatoka matembezi, na anayezitembeza ni Pasi Moto. Tai ya mwalimu, suruali ya karani. Vyake ni viatu tu. Mkewe akiuliza, anajibiwa kwamba koti lisilopata mabega ya mtu halikai sawa.

Jumatatu afande mmoja wa usalama alifuata suti yake ya kijivu. Hakuketi.

"Harusi ilikuwaje?"

"Harusi gani tena, afande?"

"Uliyokwenda na koti langu. Nilikuwa zamu kwenye kamera. Limetoka asubuhi na ua kifuani, limerudi jioni bado linacheza."

Pasi Moto akachungulia mtaani. Afande akitoa neno moja tu hapo nje, hadi jioni haitabaki hata soksi dukani.

"Nisamehe, kaka. Ila nauliza tu, ile kamera ni ya usalama wa taifa au ya koti lako?"

"Usinichekeshe."

"Sikuchekeshi. Mimi na wewe kazi yetu moja. Kabla ya kufua, lazima nipekue mifuko. Kwako nilikuta tikiti mbili za sinema, za siku ile shemeji alipopita hapa akisema uko zamu. Nimemwambia mtu? Sijamwambia."

Afande akatazama nguzo, akatazama mfuko wa suruali, akakunja suti yake mkononi.

"Basi tusijuane," akasema, akatoka.

"Si huna cha kuficha wewe?" mkewe akauliza, akiwa ameinamia ndoo ya kufulia.

Siku hizi Jumapili makoti hutembea ndani, kutoka kwenye kioo hadi kwenye ndoo na kurudi, nyuma ya pazia jipya. Kitambaa kizito cha pazia, mita moja ni elfu nne.