Mstari Nisioruhusiwa Kuusoma

Siku barua ya jarida ilipofika kutoka Ubelgiji, niliisoma nikiwa nimesimama kwenye korido ya chuo, nikaisoma tena nikitembea, nikajigonga kwenye mlango. Makala yangu imekubaliwa. Ilihusu chumvi ya majani, ile ambayo mama zetu walikuwa wakiipika kule kaskazini mwa Katanga kabla ya chumvi ya dukani. Ilibaki kazi moja tu: marejeo yote yaandikwe upya kwa utaratibu wao. Walikuwa wameambatanisha kurasa za masharti, na mimi, badala ya kuchoka, nilifurahi kama mtu aliyepewa baiskeli mpya.

Nasema kweli, nilizipenda zile sheria. Jina la ukoo kwanza, kwa herufi kubwa. Mkato. Herufi ya kwanza ya jina la ubatizo, nukta. Kichwa cha kitabu kipigiwe mstari chini, kisha mji, kisha mwaka. Na ukitaja kitabu kilekile mara mbili mfululizo, huna haja ya kukiandika tena, unaweka neno moja la Kilatini: ibidem. Neno hilo lilinipanda kichwani. Mke wangu akiniuliza tutakula nini, namjibu ibidem, yaani bukari na sombe, ugali na kisamvu, kama jana. Mara ya kwanza alicheka. Baadaye aliniambia nikilirudia nitapika mwenyewe.

Ilikuwa wakati wa secession, Katanga ilipojitenga na Kongo. Mji wetu ulikuwa bado unaitwa Élisabethville, Katanga ilikuwa na bendera yake na stempu zake, na barua ilifika ikipenda. Bahati nzuri profesa wangu, Mbelgiji mfupi mwenye haraka, alikuwa anakwenda likizo kwao Jumamosi ile, akakubali kuubeba mswada kwenye mkoba wake. Nikaazima mashine ya kuchapa ya ofisini, nikaiweka juu ya meza ya chakula, nikaanza kupiga. Nilikuwa naimba.

Uimbaji uliisha nilipofika kwenye sharti la mwisho. Watu waliohojiwa nao waorodheshwe kama vitabu, kwa majina yao kamili. Mimi nilikuwa nimeandika tu "mama mmoja wa kaskazini". Nusu ya makala ilitoka kwake: majani ya kuchoma, jivu la kuchuja kwenye chungu kilichotobolewa, moto usiotakiwa kulala. Na mama huyo alikuwa mama mkwe wangu.

Niwaeleze. Bukwe, yaani heshima ya ukwe, kwetu si mchezo. Mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni, hali naye, na jina lake halitamki. Likitajwa mbele yake, anaondoka. Hata mahojiano yenyewe tuliyafanya hivi: yeye nyuma ya mlango, mimi uani, mke wangu katikati akibeba maneno. Watoto wake walimwita mama, majirani walimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Mimi sikumwita.

Nilimpelekea profesa tatizo hilo nikidhani atalicheka na kulipitisha. Hakucheka.

"Mtu asiye na jina si chanzo," alisema kwa Kifaransa. "Taja jina, au ondoa sehemu yake yote."

"Siwezi kulitaja. Hata silijui."

"Umeoa kwao na hulijui?"

"Nimeoa kwao, ndiyo maana silijui."

Nilitoka pale nikiwa nafoka. Ningeondoa sehemu ile, kingebaki nini? Yaliyokwisha kuandikwa na wazungu, pamoja na nukta na mikato yangu mizuri. Nilifikiri kuweka jina la mke wangu, kwa kuwa ndiye aliyebeba maneno. Alikataa palepale.

"Miye sikupika chumvi hata siku moja," alisema. "Bakiniuliza, nitajibu nini? Twende kwa mama."

Tukaenda Ruashi, mtaa wa pembeni mwa mji alikokuwa akiishi siku hizo, mimi na mswada kwapani. Kwenye kizuizi askari alizipekua kurasa, akauliza hizi nukta zote ni za kazi gani. Nikaanza kumweleza kwa furaha, tangu jina la ukoo. Mke wangu akanifinya, tukapita.

Mama mkwe alituona tukija, akaingia ndani na kuurudisha mlango nusu. Mimi nikachuchumaa uani, mgongo kwake. Nilieleza haja yangu kwa mke wangu, ingawa sote watatu tulisikiana vizuri kabisa.

"Ambia bwana yako," sauti ilitoka ndani, "kama jina haiko, chumvi yangu itatolewa mu kitabu?"

"Itatolewa, mama," mke wangu akasema.

"Yote?"

"Yote."

Nilimsikia akisogeza kiti. Nilikuwa na hofu ya kweli, kwa sababu angeweza kuona nimemvunjia heshima, na neno lake moja lingetosha kunifungia mlango ule.

"Basi weye njo utaandika," akamwambia binti yake. "Ye ageuke ukiandika. Ingia, nikuambie."

Mke wangu alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, na tulipokwisha kupita tena kizuizi ndipo akafungua mdomo.

"Haiko ile jina ya ku bitambulisho," alisema. "Ni jina ya butoto. Mama yake njo alikuwa anamuita vile. Tangu alikufa, hakuna mutu anamuita tena. Hata miye sikuijua."

Nyumbani alikaa mbele ya mashine, mimi nikageukia ukuta, nikamwelekeza kwa sauti. Tafuta mahali pake kwa alfabeti, usiniambie ni herufi gani. Jina kwa herufi kubwa. Sasa mkato. Acha nafasi. Yeye alipiga kwa kidole kimoja, taratibu, na kila pigo nilitamani kugeuka. Mimi ninayeweza kugombana na mtu kwa ajili ya nukta, nilipeleka mswada wenye mstari mmoja nisioukagua, umefunikwa kwa kipande cha karatasi na pini mbili.

Profesa alizitoa pini, akafungua mdomo asome kwa sauti kama kawaida yake. Nilikimbia hadi mwisho wa korido. Akanifuata akiwa ameshika mkoba.

"Mkato uko mahali pake," alisema. Kwa furaha nilimkumbatia, jambo ambalo Mbelgiji yule hakulizoea.

Miezi ilipita, risasi zilisikika mjini na kunyamaza, na hatimaye jarida lilifika, limekunjika pembe. Makala ilikuwa nzima. Chumvi yote ilikuwemo. Nilibana ukurasa wa marejeo kwa kibanio nisiuone, tukachukua njia ya Ruashi siku hiyohiyo, nikitembea haraka hadi mke wangu akalalamika.

Mama mkwe alikuwa ndani, mlango nusu. Mimi nilibaki barabarani, mbali, ambako maneno ya kawaida hayafiki. Nilimwona mke wangu ameketi kizingitini, akatoa kibanio, kidole chake kikashuka kwenye ukurasa na kusimama. Midomo yake ikacheza. Sikusikia alichosoma.

Nilisikia jibu. Lilitoka nyuma ya mlango haraka, kwa sauti nyembamba ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya msichana anayeitwa na mama yake arudi kutoka mtoni:

"Eee, mama. Miye huyu, minakuya."