Sakafu ya Mama na Nyonga za Binti Yangu

Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo. Riziki yangu ni magoti ya wapagazi wanaoshuka mlimani wakichechemea. Kwa hiyo binti yangu wa miaka kumi na mitatu alipoanza kushuka ngazi za nyumbani kwetu Moshi mjini kiubavu, ameshika ukuta, niliona aibu kuliko huruma. Goti la kulia lilimuuma kwa ndani. Nililiwekea barafu, nikalifunga bandeji, wapi!

Alikuwa akijifunza baleti, dansi ya Kizungu, kwenye ukumbi wa kanisa, na mwalimu alimpa nafasi ya kucheza peke yake katika onyesho la Januari. Nilimwambia wazi: goti lisipopata nafuu hadi turudi kutoka Krismasi, baleti basi. Alifunga mlango wa chumba chake, na mimi kwa hasira nikaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Krismasi kwetu ni lazima kupanda nyumbani, Marangu. Mama yangu huanza mapema kuipiga nta sakafu yake nyekundu, na viatu vinaachwa barazani hata kama mgeni ni askofu. Baada ya chakula ndugu walitaka kuiona hiyo baleti. Binti akasimama katikati ya sebule na soksi zake, visigino vimegusana, unyayo mmoja mashariki mwingine magharibi, kama alivyozoea ukumbini. Akakunja magoti. Alipoinuka, nyayo ziliteleza, zikarudi mbele zenyewe, zikabaki kama kitabu kilichofunguliwa nusu.

"Bibi, sakafu yako inateleza!"

"Nimeisugua wiki nzima, mjukuu wangu. Isipoteleza, nimefanya kazi gani?"

Wote walicheka isipokuwa mimi. Saruji ya ukumbini ni kavu, haitelezi. Kumbe alikuwa anazing'ang'aniza nyayo pale chini, na goti ndilo linalosokotwa kufidia kile ambacho nyonga hazijatoa. Mguu wa mcheza baleti hufunguka, yaani hugeukia nje, kutoka juu, paja linapozunguka ndani ya nyonga. Wiki zote hizo nililitibu goti bila hata siku moja kumwomba asimame anavyosimama akicheza. Mimi, ninayewakaripia wanaojifunza kazi kwangu kwa kosa hilohilo! Nilimwomba msamaha mbele ya ndugu wote.

Kesho yake tukaanza: soksi, sakafu ya mama, nyayo zisivuke pale nyonga zilipofikia. "Geuza paja, vidole vitafuata," nilimwambia mpaka akanichoka. Siku ya kwanza alilia kuona miguu yake inavyofunguka kidogo tu. Mama naye aliongeza nta bila kuombwa, akisingizia wageni. Tulipoteremka mjini goti lilikuwa na nafuu, nikamruhusu aendelee.

Siku ya onyesho, nyayo za wenzake zilifunguka mpaka zikanyooka kama rula. Mama mmoja aliyekaa karibu nami akaniinamia. "Wa kwako mbona hafungui miguu vizuri?"

"Amefungua yote aliyonayo," nikajibu, kwa sauti kubwa kuliko ilivyofaa. Nilijivuna, sifichi.

Alipomaliza ukumbi ulipiga makofi. Mimi nilikuwa nimezikodolea macho ngazi tatu za kushukia jukwaani. Alizishuka akitazama mbele, mguu baada ya mguu, mikono yote miwili imeshika maua.